Ugomvi wa Kiki na Besi Hauamuliwi na Saidicheni

Ingia studio ndogo yoyote ya Dar es Salaam, iwe Sinza, Tabata au Mbagala, uulize kwa nini kiki na besi za wimbo fulani zinavurugana. Jibu utakalopewa ni moja: hujaweka saidicheni. Vuka mpaka uulize Nairobi, utajibiwa vilevile. Vijana wanaojifunza kwa video wameshalikariri somo hili. Fungua kompresa kwenye besi, ielekeze isikilize kiki. Kiki ikigonga, besi iiname. Kiki ikiisha, besi iinuke. Kisha yanafuata mapishi ya ikolaiza: kwenye kiki nyanyua hezi 60, kwenye besi kata hizohizo 60 na unyanyue 100. Baada ya hapo kazi inahesabika imekwisha. Wimbo ukitoka na bado unakoroma kwenye sabufa za mtaani, lawama inapelekwa kwenye plagini, na mtu anaanza kutafuta nyingine ya bei kubwa zaidi.

Kazi yangu ni kumiksi, na mafundisho haya nayapinga moja kwa moja. Kiki na besi zinaanza kugombana pale biti inapotengenezwa, saa nyingi kabla faili halijafika kwa mtu wa kumiksi. Zinagombania noti, zinagombania urefu wa noti, zinagombania mahali pa kugonga. Mambo hayo matatu yakiachwa ovyo, kompresa haiyatatui. Inayafunika, na katika kuyafunika inaondoka na sehemu ya muziki.

Sikiliza kiki moja peke yake. Mwanzo wake ni mlio mkali, mfupi sana, ulioko juu kwenye hezi 2,000 hadi 4,000 au zaidi, na huo ndio unaolijulisha sikio kwamba kuna kitu kimegongwa. Chini yake kuna mvumo unaoshuka haraka na kutulia mahali, mara nyingi kati ya hezi 45 na 65. Maprodyuza wengi wanalijua hilo. Wasichokijali ni kwamba ule mvumo ni noti. Ukitulia kwenye hezi 49, kiki yako imepiga G. Ukitulia kwenye 55, imepiga A. Besi nayo inapita palepale: waya mnene kuliko yote wa gitaa la besi la nyaya nne unatoa E ya hezi 41, na waya unaofuata unatoa A ya hezi 55. Kwa hiyo kila biti ina watu wawili wanaoimba noti za chini, na mmoja wao hajawahi kuulizwa anaimba noti gani.

Sasa chukua wimbo wa A maina wenye tempo ya 104. Besi imeshikilia A yake ya hezi 55 bila kuiachia. Kiki iliyotoka kwenye fungu la sampuli imetulia kwenye hezi 52. Tofauti ni hezi 3 tu, mtu atasema ni kitu kidogo. Lakini maana yake ni kwamba mawimbi ya sauti hizi mbili yanakutana na kuachana mara 3 kila sekunde. Yakipanda na kushuka pamoja, nguvu yake inaongezeka, na yakiwa sawa kwa ukubwa ongezeko linafika desibeli 6. Moja likipanda wakati mwenzake anashuka, yanafutana. Na kwa tempo hiyo kila kiki inaikuta besi ikiwa mahali tofauti kwenye wimbi lake. Ndiyo maana kiki ya kwanza inatoka na kifua, ya pili inatoka na homa, ya tatu iko katikati. Prodyuza anasikia kiki zisizolingana, anadhani besi imezidi, anaweka saidicheni ya desibeli 10. Tatizo halikuwa wingi wa besi.

Nililetewa wimbo wa namna hiyo na kijana mwenye kipaji kikubwa cha melodia. Besi ilikuwa ni noti moja iliyolala baa nzima, mstari mrefu wa kijani kwenye kioo kutoka ukuta hadi ukuta. Kiki iligonga kila pigo, na mkia wake ulikuwa mrefu kiasi kwamba kabla haujaisha kiki nyingine ilishakaribia. Juu ya yote, saidicheni ilikuwa inaizamisha besi mpaka wimbo mzima unapumua kama mgonjwa wa pumu. Nilianza kwa kuizima. Halafu nikaipandisha kiki nusu hatua tu, kutoka 52 hadi 55, ikawa inaimba noti ya wimbo. Mkia wake nikaukata ukabaki wa milisekunde 120 hivi. Kisha tukaigeukia besi. Noti iliyolala tukaikatakata: nyingine tukazisogeza zianguke katikati ya kiki mbili, zile za juu ya pigo tukazifupisha, na mwanzo wa baa ya nne tukauacha wazi kabisa. Kwenye sinthesaiza ya besi palikuwa na swichi inayolazimisha kila noti ianzie mwanzo wa wimbi lake badala ya popote linapokuwa. Tukaiwasha, ili pale kiki na besi zinapoanza pamoja zikutane kwa namna ileile kila mara.

Kijana akabonyeza kitufe cha solo kwenye kiki, akakunja uso. “Lakini kaka, kiki imepungua.” Kwa solo alikuwa sahihi, ilikuwa imepungua. Nikamwambia aondoe solo, aachie wimbo mzima, tena kwa sauti ndogo. Kiki ilikuwa mbele kuliko ilivyowahi kuwa tangu faili lilipofunguliwa, na besi kwa mara ya kwanza ilikuwa na mstari unaoweza kuimbika kwa mdomo. Kitufe cha solo kimepoteza wengi, kwa sababu hakuna msikilizaji duniani atakayeisikia kiki ile peke yake.

Mapishi ya ikolaiza yanaanguka kwa sababu hiyohiyo ya noti. Besi haisimami mahali pamoja, besi inatembea. Ukichimba shimo kwenye hezi 55 ili kiki ipite, umeidhoofisha A. Wimbo ukihamia D ya hezi 73, noti hiyo inabaki nene. Ukishuka F ya hezi 44, nayo inabaki nene. Sasa una besi yenye noti moja goigoi na nyingine zenye nguvu, na mtu wa kumiksi anaweka kompresa nyingine kusawazisha alichokiharibu mwenyewe. Nambari zinazotolewa kwenye video ni za wimbo wa yule aliyerekodi video. Zilifaa kwa ufunguo wake, kwa kiki yake, kwa mstari wake wa besi. Kuzihamishia kwenye wimbo wa kwaya ya Mwanza au wa taarabu ya kisasa bila kuuliza uko ufunguo gani ni uzembe, hata kama anayefanya hivyo ana bidii ya usiku kucha.

Na saidicheni yenyewe, hata ikitumiwa na mtu mwangalifu, ina ukuta haiwezi kuuruka. Sauti ya hezi 50 inahitaji milisekunde 20 kukamilisha wimbi moja. Ukiiamuru kompresa iiname na kuinuka kwa muda mfupi kuliko huo, inaanza kulikunja wimbi lenyewe na unasikia mkwaruzo. Ukiipa muda mrefu, kichwa cha kiki kimeshapita kabla besi haijainama, na besi inachelewa kurudi. Kwenye wimbo wa polepole unaweza kupata mahali pa kati panapovumilika. Nenda sasa kwenye singeli, muziki uliozaliwa uswahilini Dar es Salaam, ambao tempo yake inavuka 200 bila shida. Kwa tempo ya 240, pigo hadi pigo ni milisekunde 250. Kompresa ikichukua 150 kuinuka, besi inakuwa nzima kwa chini ya nusu ya muda wake. Waliojenga singeli walilielewa hilo kwa masikio. Sikiliza Sounds of Sisso, mkusanyiko uliotolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala mwaka 2017: huko chini vitu vinagonga na kuondoka, hakuna anayeng'ang'ania kukaa. Uwazi ule umetoka kwenye ufupi.

Liko jambo jingine ambalo kwangu ni zito kuliko hata tope la sauti. Noti ya besi inayoanguka juu ya pigo la kwanza mara nyingi ndiyo mzizi wa kodi (chord). Ndiyo inayomwambia msikilizaji tumefika wapi, na ndiyo anayoiegemea mwimbaji ili asiteleze. Saidicheni nzito inainamisha besi palepale, kila mara. Mzizi unafika umechelewa, umechoka, baada ya kiki kuondoka. Halafu tunashangaa kwa nini nyimbo zetu zina mdundo mkubwa lakini hazina mwendo, na kwa nini mwimbaji mzuri anasikika anaelea. Ameondolewa sakafu mara nne kila baa.

Wanaotetea mkondo huu huniambia zama zimebadilika. Twende basi kwenye zama zilizopita tuone walifanyaje. Detroit, miaka ya 1960, studio ya Motown: mashine zenye treki chache, hakuna kompyuta. James Jamerson alipiga besi ya Fender Precision yenye nyaya kuukuu asizopenda kuzibadilisha, na chini ya kifuniko cha daraja la gitaa kulikuwa na kipande cha sifongo kilichogusa nyaya. Kipande kile kiliua mlio mapema. Noti ilitoka nono, ikaimba kwa muda wake, ikanyamaza kabla ya kuwa mzigo kwa wengine. Hicho ndicho tunachokifanya leo tukifupisha noti kwenye kioo. Jamerson alikifanya kwa sifongo na kidole kimoja, na mstari wake wa besi unausikia mpaka leo hata kwenye redio mbovu ya bodaboda.

Nenda Jamaika. Hakuna anayeweza kusema rege ni muziki wa besi nyepesi. Ulipigwa kwenye spika zilizorundikwa barabarani zikitikisa vifua. Kwenye mdundo wa “one drop” alioupa umaarufu mpiga ngoma Carlton Barrett, pigo la kwanza linaachwa bila kiki, na kiki inasubiri katikati ya baa. Ndugu yake Aston, mpiga besi, alikuwa anajua wapi pa kunyamaza kwa usahihi uleule aliojua wapi pa kupiga. Baadaye mpiga ngoma Sly Dunbar na mpiga besi Robbie Shakespeare walifanya kiki iwe nzito na ya kusisitiza zaidi, na bado besi ikabaki wazi. Walikuwa watu wawili waliosikilizana. Saidicheni inajaribu kuigiza usikivu huo kwa mashine, na mashine inajua jambo moja tu: kiki imegonga.

Na hapa nyumbani tuna ushahidi wetu. Bendi za dansi ziliporekodi Radio Tanzania Dar es Salaam, wanamuziki walipiga pamoja ndani ya studio, na hapakuwa na nafasi ya kurudi baadaye kuchonga masafa ya kila chombo. Sikiliza Mlimani Park, bendi iliyoanzishwa mwaka 1978. Unaweza kuufuata mstari wa besi kutoka mwanzo wa wimbo hadi mwisho, unaweza kuuandika. Besi inauliza, ngoma zinajibu, kisha besi inaacha pengo na gitaa linapita humo. Nafasi ile ilipangwa na watu waliofanya mazoezi pamoja mchana na kupiga ukumbini usiku. Fundi mitambo aliikuta tayari.

Najua pingamizi linalofuata, na lina uzito. Rekodi zile hazina kina cha chini tunachokitaka leo. Kweli. Lakini tazama wale walioleta kina hicho. Mashine ya ngoma ya Roland TR-808 ilitengenezwa kati ya mwaka 1980 na 1983, na kiki yake inaweza kurefushwa mpaka mkia unakuwa mvumo mrefu. Wana hip hop walipouchukua mkia ule na kuupigia noti, walimaliza ugomvi kwa njia ya mkato: kiki na besi zikawa chombo kimoja. Anayeweka 808 inayoimba, halafu akaipandishia juu kiki nyingine yenye mvumo wake, amerudisha ugomvi uliokwisha kusuluhishwa. Anachohitaji kwenye kiki ya pili ni ule mlio wa juu peke yake. Chini akate.

Amapiano ndiyo imetuumbua zaidi. Ile besi yake inayogonga na kuteleza, logidramu, imetokana na sinthesaiza DX10 iliyomo ndani ya FL Studio, programu ambayo tayari iko kwenye kompyuta za maprodyuza wengi wa mitaani kwetu. Chombo tulikuwa nacho. Tulichoshindwa kuiga ni adabu ya Waafrika Kusini. Katika nyimbo nyingi za amapiano kiki ni laini, mahali pengine haisikiki kabisa, kwa sababu logidramu ndiyo inayobeba mdundo na inagonga nje ya pigo. Sisi tumechukua logidramu tukaiweka juu ya kiki kubwa ya bongo fleva, zote mbili zikipiga kelele mahali pamoja. Kisha tunaweka saidicheni, na logidramu iliyotakiwa iwe nyota ya wimbo inainamishwa na kiki ambayo haikuhitajika.

Chumba nacho kinasingiziwa au kinasahaulika. Ukiwa na chumba cha kuta za tofali chenye urefu wa mita 3.5, kama vyumba vingi tunavyogeuza studio, sauti ya karibu hezi 49 inasimama humo ndani: inajaa kwenye kuta za mbele na nyuma, na katikati kabisa ya urefu wa chumba karibu inatoweka. Weka meza katikati, na kila siku utaona nyimbo zako hazina chini. Utaongeza. Wimbo ukifika kwenye sabufa ya kinyozi, unakoroma. Hakuna plagini itakayokurudishia sauti ambayo haifiki kwenye kiti chako. Sogeza kiti mbele, kwenye sehemu ya thuluthi moja na ushee ya urefu wa chumba kutoka ukuta unaoutazama, jaza magodoro mazito kwenye kona, hakikisha kwa hedifoni, kisha simama uzunguke chumba huku wimbo unapiga. Inachosha kufanya hivyo, lakini ndiyo kazi.

Na wasikilizaji wetu wengi wako kwenye simu, ambako hezi 55 hazitoki kabisa. Wapo wanaosema basi besi ya chini haina maana kwa simu, tuinyanyue kiki. Sikio halifanyi kazi hivyo. Likisikia 110, 165 na 220 kwa pamoja, ubongo unaijaza 55 wenyewe, kwa kuwa sauti hizo ni ngazi za juu za noti ileile. Besi iliyokwaruzwa kidogo, ikatoa ngazi hizo, inasikika kwenye simu bila kuongezewa uzito wowote chini. Besi safi ya wimbi laini, isiyo na kitu juu yake, inakufa kwenye simu hata ukiipandisha hadi taa ziwe nyekundu.

Siipigii saidicheni marufuku. Kwenye muziki wa haus wa Ufaransa wa mwishoni mwa miaka ya 1990, na kwenye “Call on Me” ya Eric Prydz ya mwaka 2004, kule kupumua kwa wimbo ndiko wimbo wenyewe. Mtunzi amechagua kupumua huko kuwe chombo chake. Pia natumia desibeli 1 au 2 mwishoni, biti ikishakaa sawa, ninapotaka kiitikio kisukume zaidi. Ninachokipinga ni kuifanya hatua ya kwanza, dawa ya wote, jibu linalotolewa kabla mtu hajauliza wimbo uko ufunguo gani.

Limebaki la muda na fedha, na hili huletwa na watu ninaowaheshimu, wanaoendesha studio kwa kodi ya mwezi na bili ya umeme. Mteja analipa kidogo, anataka wimbo jioni, nani ana nafasi ya kutuni kiki? Nimewaona watu haohao wakizunguka plagini hadi usiku wa manane wakitafuta uwazi ambao haumo kwenye biti. Kutuni kiki ni kugeuza kitufe kimoja huku ukiigongea noti ya wimbo kwenye kibodi mpaka zishikane. Kufupisha noti za besi ni kushika kipanya na kuvuta kushoto. Kuhamisha noti moja kutoka juu ya pigo kwenda nusu ya pigo hakuhitaji leseni wala bando.

Kwa hiyo wanaofundisha kumiksi kwa lugha yetu nawaomba jambo moja. Video ijayo msianze kwa kufungua kompresa. Anzeni kwa kufungua gridi ya noti, mzime kila kitu isipokuwa besi na kiki, muwaonyeshe vijana wapi noti inaanza, wapi inaishia, na kiki imetulia kwenye hezi ngapi. Wakishaliona hilo kwenye wimbo mmoja, waacheni wafungue wimbo wao wenyewe na wafute noti moja ya besi iliyolala juu ya kiki.